Mwaka Niliokaa na Mtu wa Tanuri

Mwezi uliopita tulimzika Bot Kiprono kule Roret, na Askofu Zakayo, aliyeongoza ibada, akawachekesha waombolezaji kwa kisa changu. Alisimama chini ya turubai na kipaza sauti mkononi, kanzu yake ya zambarau ikipeperushwa na upepo, akasema marehemu alikuwa mama wa imani na huruma nyingi, hata aliwahi kumkinga msichana mmoja wa chuo aliyekuwa anatafuta dhahabu ndani ya Biblia. Watu wakacheka, kama wanavyocheka matangani mtu akiwapa nafasi. Mimi nilikuwa mstari wa pili na sikucheka. Zakayo hakuwaambia ni nani aliyeubeba mchoro wa yule msichana na kuupeleka kwa mkuu wa chuo, wala hakusema marehemu alimkinga dhidi ya akina nani. Mimi si mtu wa kugombana makaburini. Nilitupa udongo wangu, nikala wali wa msiba, nikarudi nyumbani na kukaa mezani. Mtu akikisimulia kisa chako vibaya mbele ya jeneza, una haki ya kukisimulia upya ungali hai.

Sitaanza na nilikozaliwa wala na ukoo wangu. Hayo hayakuchangia sana. Inatosha kusema nilitoka Soin, kwenye joto na vumbi, nikapanda hadi Roret kwenye baridi na majani chai, msichana wa miaka ishirini na kidogo aliyekuja kusomea uchungaji. Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Darasa letu lilikuwa la wanaume, na mimi. Baada ya mabishano marefu kanisa letu lilikuwa limekubali kwamba mwanamke anaweza kusoma chuo cha Biblia. Kama anaweza pia kupiga magoti siku ya kuhitimu, akawekewa mikono na kupanda mimbarini, hilo waliliacha mpaka atakapotokea wa kwanza. Basi wa kwanza alikuwa mimi. Nilichokitaka mwaka ule kilikuwa hicho tu, na nilikitaka kama mwenye kiu anavyotaka maji: nipige magoti pamoja na wenzangu, niwekewe mikono, niinuke nikiwa mchungaji. Kila jambo jingine nililipima kwa hilo.

Chuo hakikuwa na bweni la wasichana, kwa hiyo nilikaa kwa Bot Kiprono, mjane aliyekuwa kiongozi wa akina mama na mwanamke pekee katika baraza la kanisa. Chumba changu kilitengwa na jiko kwa mbao ambazo hazikukutana vizuri. Kupitia nyufa zile ulinifikia moshi, harufu ya maziwa, na habari za Roret nzima. Kulikuwa na kitanda cha chuma, meza yenye mguu mmoja mfupi niliouwekea kigae, na dirisha dogo lililotazama chai yake, kijani kitupu hadi kwenye ukingo wa kilima. Alasiri mvua ilifika kama mtu aliyeajiriwa, mara nyingine na mawe, na bati likapiga kelele hadi ukashindwa kusikia unachokisoma. Asubuhi tulichuma pamoja, majani mawili na chipukizi lake, kabla sijaenda darasani. Mikono yangu ya Soin ilikuwa mizito kwa kazi ile na alinicheka waziwazi. "Wewe mtu ya Soin," aliniambia wiki ya kwanza nilipotetemeka mbele ya kikapu, "utakufa na baridi kabla hata ujue hiyo Biblia." Jioni tulikula kimyet, ndiyo ugali wa kwetu, na mboga zilizopikwa kwa maziwa hadi zikalegea, na alinijazia sahani bila kuniuliza kama nimeshiba. Mdomo wake ulikuwa mkali na mkono wake mkarimu, na nilichelewa kuelewa kwamba vyote viwili vilitoka mahali pamoja.

Kwetu mwanamke huitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Bot Kiprono ni mama yake Kiprono. Kila aliyemsalimu alimtaja mwana huyo bila kukusudia, na mwana huyo hakuwepo. Miaka mingi kabla yangu alikuwa amepanda garimoshi Fort Ternan akisema anaenda kutafuta kazi, na tangu hapo hakuna barua wala salamu. Pale jikoni palikuwa na vibuyu vya mursik, maziwa yetu ya mgando, vya matumizi ya nyumba, na kando yake kimoja chenye ukanda wa ngozi uliopambwa kwa kauri. Hicho kilikuwa cha Kiprono. Nilimtazama mara nyingi akikitengeneza. Alichoma kijiti cha mti wa senetwet mpaka kikawa kaa jekundu, akakisugua ndani ya kibuyu hadi ukuta wake ukawa mweusi na laini, akamimina maziwa yaliyochemshwa na kupoa, akaziba, akakiweka pembeni kwenye giza. Kwetu mtu aliyerudi kutoka safari ndefu hupokelewa kwa mursik, na mama hawezi kukutwa na kibuyu kitupu. Mursik ilipoiva na Kiprono hajaja, aliwaita majirani wakainywa, akaosha kibuyu, akaanza upya siku ileile. Nilipomuuliza kwa nini asingoje apate kwanza habari za kijana, hakuinua hata kichwa. "Akikuja leo nimpe nini? Maji?" Sikuuliza tena. Usiku niliposali upande wangu wa mbao nilimsikia naye upande wake, kwa Kipsigis, sauti ya chini, na jina lile likirudi mara kwa mara.

Muhula wa kwanza Mwalimu Nyamweya, mpole mmoja kutoka milima ya Kisii aliyetufundisha historia ya kanisa, alimgawia kila mwanafunzi Mkristo mmoja wa ule wakati makanisa ya Ulaya yalipogawanyika, miaka mia nne na zaidi iliyopita. Tungeandika tasnifu juu ya maisha na kazi yake, na bila tasnifu hakuna kuhitimu. Wenzangu walipata wanamageuzi wakubwa, watu wenye sanamu mijini. Mimi nikapata Matthias, mchungaji wa mji mdogo wa migodi huko Ujerumani, ambaye jina lake la ukoo lilikuwa gumu hata Mwalimu akaliruka. Kitabu chake kilikuwa ndani ya sanduku lililoachwa na mmishonari aliyerudi kwao, kimekatika jalada, kimeliwa na panya pembeni. Zakayo, aliyekuwa kinara wa darasa na rafiki yangu wa kadiri, alinivuta kando. "Emily, omba ubadilishiwe. Huyo si mtu wa kanisa, ni mganga. Atakuharibia marks." Nikamwambia marks ni zangu. Nilikataa kwa ukaidi mtupu, kwa sababu kila mwanamume pale alikuwa na ushauri wa kunipa na nilikuwa nimeshiba ushauri. Kumpenda Matthias kulikuja baadaye, polepole, mguu wa meza ukilalia kigae na mvua ikipiga bati.

Nyuma ya nyumba yake ya uchungaji Matthias alijenga tanuri. Alikuwa mwanafunzi wa alkemia, elimu ya watu walioamini kwamba risasi, yale madini mazito ya kijivu, ni dhahabu iliyougua, na kwamba kwa moto wa subira na kwa jiwe fulani la siri inaweza kuponywa. Wengi wa wenzake walitafuta utajiri na wengine walikuwa matapeli. Yeye aliandika kwamba hata mwanadamu ni dhahabu iliyougua, na kwamba jiwe lile lililokataliwa na waashi ndilo linaloponya. Hakuona sababu ya kuyatenga mawili hayo. Aliomba akitia makaa, akatia makaa akiomba. Moto, alisema, usizidi joto la kuku anayeatamia mayai, na mwenye haraka auache. Mkewe alikufa, watoto wake wakafuata, naye hakuzima tanuri. Wachimba migodi waliokohoa vumbi walimjia mlangoni, akawapa dawa alizokamua kwa moto uleule, bila kuwadai chochote. Baraza la wachungaji wa mji likamwita, likamkataza kuandika. Akatii miaka kadhaa, kisha akaona kutii kwenyewe kumekuwa uongo, akashika kalamu tena. Tauni ilipoingia mjini wengine walihama. Yeye alibaki na wagonjwa, nayo ikamchukua. Dhahabu hakuipata hata punje. Sasa nikiwa na mvi zangu najiuliza kama ningempenda uso kwa uso. Huenda alinuka moshi na kiberiti, huenda alikuwa mzee msumbufu asiyejua kunyamaza mezani. Lakini mwaka ule nilifundishwa na maprofesa wa karatasi kwamba imani ni kukubali mambo kadhaa kwa mpangilio, na hapa palikuwa na mtu aliyeniambia imani ni kazi ya mikono inayofanywa kila siku bila kuona matokeo. Nilihisi kama nimepata ndugu.

Katika kitabu kile palikuwa na picha aliyoichora mwenyewe: tanuri, juu yake jua na mwezi, nyoka akiizunguka na kuuma mkia wake, na ndani ya moto Kristo amesimama, mikono imefunguliwa. Niliinakili kwa biro ili niieleze katika tasnifu. Wanaoukumbuka wakati ule hawatahitaji kuelezwa zaidi. Nchi nzima ilikuwa inanong'ona habari za waabudu shetani. Ilisemwa wamo mashuleni, wamo mijini, wanakupa lifti na kumbe kiatu kina kwato. Pete yenye nyoka ilitosha kumfanya mtu ashukiwe. Zakayo aliazima daftari langu la Kigiriki na picha ilikuwa imekunjwa ndani yake. Angeweza kuniuliza. Dirisha langu lilikuwa hatua chache kutoka njia aliyopita kila siku. Alipita, akaenda ofisini kwa mkuu wa chuo, na kufikia Jumapili habari ilikuwa imefika kanisani kabla yangu.

Alasiri moja akina mama wa kamati walikuja jikoni kunywa chai, wasijue kwamba sikwenda darasani na nilikuwa nimelala na homa nyuma ya mbao.

"Wanasema anachora nyoka usiku," mmoja akaanza.

"Mchana," akasema Bot Kiprono. "Usiku analala na anakoroma. Mimi ndiyo nasikia."

"Bot, hii si maneno ya kucheka. Huko shule watoto wamekatazwa hata kuvaa pete."

"Na wewe umeokoka na unaogopa biro?"

Wengine wakacheka kidogo, kisha yule wa kwanza akasema kwa sauti nzito, "Lisemwalo lipo. Na liko kwa nyumba yako."

Nilisikia kikombe kikiwekwa. "Kama iko kwa nyumba yangu," Bot Kiprono akasema, "nitaiona na macho yangu."

Walipoondoka aliingia chumbani bila kubisha, akaketi ukingoni mwa kitanda, akaomba picha. Nilikuwa nimechora nyingine. Aliishika mbali na macho, kama anavyoshika Biblia yake.

"Huyu kwa moto ni nani?"

"Ni Yesu, Bot."

"Kwa nini haungui?"

"Matthias anasema kwamba..."

"Nimekuuliza wewe, chepto, msichana wangu. Huyo Mjerumani simjui."

Nikafikiri, homa ikinidunda kichwani. "Haungui kwa sababu alijitia mwenyewe. Hakusukumwa. Ameingia kututafuta."

Akaitazama tena, muda mrefu kuliko nilivyopenda. "Nyoka simpendi," akasema, akanirudishia, akaenda kukamua ng'ombe. Sikujua kama nimeshinda au nimeshindwa.

Mkuu wa chuo, Mchungaji Sigei, ndiye pia aliyekuwa mwenyekiti wa baraza. Alinipokea ofisini kwa upole, na upole wake ulinitisha kuliko hasira. Aliniagizia chai. Akasema hakuamini kwamba mimi ni mwabudu shetani, na kwamba hilo si swali. "Swali ni kondoo, binti yangu. Kondoo wameshtuka. Utasimama mbele ya kanisa, useme huyo mtu alikuwa mchawi na umemwacha. Hizo karatasi tuchome hapo nje, watu waone. Halafu nitakupa mtu mwingine uandike haraka, na utapiga magoti na wengine." Akainama mbele. "Wewe ni wa kwanza. Ukianguka, hauanguki peke yako. Wasichana wote nyuma yako wataanguka na wewe. Umefikiria hiyo?" Nilikuwa nimeifikiria. Hiyo ndiyo iliyoniuma, kwa kuwa ilikuwa kweli. Nilitoka nikatembea hadi nyumbani katikati ya mashamba ya chai, mvua ikinilowesha hadi kwenye mifupa, nikiwahesabia wasichana hao haki yao: kwa ajili yao, karatasi chache ni nini? Matthias amekufa zamani, hataumia. Lakini kila nilipojaribu kulitamka mdomoni, "alikuwa mchawi," lilikwama. Hakuwa. Nilijua hakuwa, nami ningelisema mbele ya Mungu kama neno langu la kwanza kabla ya mimbari. Ningewafungulia wasichana mlango kwa uongo, kisha niwafundishe nini wakishaingia? Nilipofika kwa Bot Kiprono nilikuwa nimeamua, na meno yalinigongana kwa baridi tu. Nilipika chai, nikala viazi vitamu vilivyobaki, nikalala vizuri ajabu.

Baraza lilikaa Jumamosi katika chumba cha nyuma cha kanisa, kwenye viti vilivyokusudiwa watoto wa Shule ya Jumapili, magoti ya wazee yakikaribia videvu. Kulikuwa na chai kwenye chupa kubwa na mahindi ya kuchemsha. Mchungaji Sigei alifungua kwa sala. Mwalimu Nyamweya, aliyenipa Matthias kwa mkono wake mwenyewe, alipoulizwa kama hiyo ni mada inayokubalika chuoni, alikoroga chai isiyokuwa na sukari na kusema jambo hilo lina pande nyingi. Nilimsamehe papo hapo. Alikuwa na kazi ya kulinda na nyumba ya kulisha. Zakayo hakuwa na chochote cha kulinda. Alisimama akiwa na mchoro wangu, akauzungusha kila mtu aone.

"Wazee wangu, mimi sina ubaya na dada," akasema. "Nauliza tu kitu moja. Huyu mtu alikuwa anageuza chuma kuwa dhahabu. Alipata dhahabu ama hakupata? Kama alipata, ni uchawi. Kama hakupata, basi alikuwa mjinga, na sisi tunasomea ujinga?"

Wazee wakanong'ona; lilikuwa swali zuri, siwezi kumnyima hilo. Nikasimama, nikaeleza: mji wa migodi, wagonjwa wa kifua, dawa za bure, jiwe lililokataliwa na waashi. Nilieleza moto wa kuku anayeatamia. Nikaona nyuso zikinitazama kama unavyomtazama mgeni anayeongea haraka. Walihitaji mfano wa nyumbani, na mfano nilikuwa nao. Ulikuwa umeketi mbele yangu katika kiti cha mtoto, kitambaa cheupe kichwani, mikono mapajani. Ningesema tu: mnakijua kibuyu chenye ukanda wa ngozi pale jikoni kwa Bot Kiprono, mnajua kimejazwa mara ngapi? Wangeelewa mara moja. Lakini kibuyu kile hakikuwa changu, wala kilio kilichokuwa ndani yake. Nilimsikia akiomba kupitia nyufa za mbao kwa sababu hakuwa na mahali pengine pa kuniweka, na si ili nije nimuuze barazani. Nikaufunga mdomo. Nikasema, "Hakupata. Aliomba na kufanya kazi maisha yake yote, na hakupata." Nikaketi, nikijua nimemaliza vibaya.

Zakayo alikuwa tayari anatabasamu. Ndipo Bot Kiprono akauliza, bila kusimama, kama mtu anayeuliza bei ya kabichi:

"Miaka yote hiyo? Hata siku moja hakupata?"

"Hata siku moja, Bot."

"Na aliomba mpaka mwisho?"

"Mpaka mwisho."

Nje lori la majani lilipita likinguruma hadi likapotea. Kisha akamgeukia Mchungaji Sigei.

"Mimi najua wachawi. Nimezaliwa hapa, si jana. Mchawi anataka kitu, anakipata, anaenda zake. Hiyo ndiyo kazi yake, kupata. Huyu aliomba akakosa, akaomba tena, akakosa, na hakuzima moto. Nyinyi wote mmekunywa maziwa ya Kiprono. Kila mwezi nawaita, mnakuja, mnakunywa, mnasema kongoi, asante, hakuna mtu anauliza. Mimi naomba na nakosa, na najaza tena. Kama huyo Mjerumani ni mchawi, mimi ni nani? Mnichome pamoja na karatasi."

Hakuna mzee aliyemtazama usoni. Mmoja akapangusa kifua cha koti ambacho hakikuwa na vumbi. Ningependa kusema kwamba mlango ulifunguka hapo na nikaingia nikiimba, lakini baraza ni baraza. Walinong'ona, wakatutoa nje mimi na Zakayo, wakaturudisha. Mchungaji Sigei akasoma uamuzi: karatasi hazitachomwa, tasnifu itasahihishwa kama nyingine, na cheti nitapewa. Lakini mikono sitawekewa, mpaka siku nitakaposimama kanisani na kutamka kwamba mtu yule alipotea njia.

"Basi nitangoja," nikasema.

"Utangoja sana," akasema, na hakusema kwa ubaya.

Nilingoja sana. Nilifundisha Shule ya Jumapili, nilihubiri kwenye mazishi ya watu waliokosa mchungaji, nilizeeka kidogo. Yale maneno waliyoyataka sikuyasema, na hatimaye walikuja wazee wengine ambao hawakuyataka tena. Wasichana waliokuja nyuma yangu walipita. Wengine leo ni wachungaji wenye makanisa makubwa kuliko langu, na wachache wao wanajua kwamba nilikaribia kuwaangusha. Kiprono hakurudi, mwaka ule wala mwingine wowote, na mama yake hakuacha kujaza kibuyu hadi mikono ilipokataa kushika kaa. Haya yote ni kweli na ningeweza kuyarefusha, ila ninapoukumbuka mwaka ule sianzi na hayo. Naanza na siku ya kuhitimu.

Ilikuwa mwisho wa mwaka, asubuhi ya jua baada ya usiku wa mvua, na uwanja wa kanisa ulijaa hadi watu wakapanda kwenye kuta. Nilipokea cheti changu, nikapigiwa makofi ya adabu. Kisha wenzangu wakaitwa mbele kwa majina, wakapiga magoti mstari mmoja kwenye mikeka, Zakayo wa kwanza kulia, na mimi nikaelekezwa kwenye kiti katikati ya akina mama. Nilikuwa nimejiapiza kwamba sitalia. Nilikaza macho kwenye migongo yao, kwenye nyayo za viatu vipya, na nafasi iliyobaki mwisho wa mkeka iliyotosha mtu mmoja. Askofu wa wakati ule akainua mikono, wachungaji wakawazunguka, sala ikaanza. Hapo nikahisi kitu kizito juu ya kichwa changu. Nilidhani Bot Kiprono ananinyooshea kitambaa. Lakini mkono haukuondoka. Ulikaa, mpana na mgumu kwa kuchuma chai, ukanikandamiza chini hadi magoti yangu yakaigusa nyasi. Ukaja mwingine begani. Ukaja wa tatu, wa nne. Nyuma yangu nikaisikia ile sauti nzito iliyosema lisemwalo lipo, sasa ikiomba kwa Kipsigis, haraka haraka, kama mtu anayelipa. Hakuna mwanamume aliyegeuka. Sijui kama hawakuona au hawakuthubutu. Mbele sala ya Askofu ilifika mwisho, watu wote wakaitikia, wenzangu wakaanza kuinuka, nami machozi yakinitiririka hadi kidevuni nikataka kuinuka pia, kwa aibu, kabla hatujaonekana.

Mkono ule mpana ukanirudisha chini.

"Inama vizuri," Bot Kiprono akaniambia sikioni. "Sisi bado hatujasema amina."